Upande Usio na Watu

Siwatu Mhando alifika karakana ya ushirika Jumatatu asubuhi, shuka la kitandani likiwa limekunjwa kwapani, akasema anamtaka fundi wa kobe na si mtu mwingine. Hidaya Shemhilu, ambaye ndiye aliyekuwa fundi huyo, alikuwa amelala chali chini ya mtambo akibadilisha nozeli za kunyunyizia zilizoziba. Alimjua Siwatu kwa sura tu. Kila msimu wa kuchuma matufaha mama huyo alikuja Kwemgwato na wenzake kutoka upande wa msitu, wakafanya kazi siku ishirini, wakaondoka bila kugombana na mtu.

"Fundi, shuka hili nimelifua mara tatu," Siwatu alisema. "Kila nikilianika linarudi na harufu ya dawa. Mjukuu wangu akililalia anaamka macho mekundu."

Hidaya alitoka chini ya mtambo, akafuta mikono, akamweleza kwa upole kwamba jambo hilo haliwezekani. Alikuwa ameshawaeleza wageni wengi kiasi kwamba maneno yalimtoka yenyewe. Zamani, wakati baba yake alipokuwa akinyunyizia kwa bomba la mgongoni, nusu ya dawa iliondoka na upepo, na wanaume wa milima hii walikuwa wakikohoa kabla ya kufika miaka hamsini. Sasa kulikuwa na kobe sita, mitambo ya kunyunyizia inayojiendesha yenyewe. Kila kobe alipita kati ya mistari ya miti akiwa na macho manane, akaliona jani moja moja, akafungua nozeli mbele ya jani na kuifunga penye uwazi. Matone yalitoka yakiwa na chaji ya umeme, kwa hiyo yaliliparamia jani yenyewe na kuling'ang'ania. Mnara wa upepo kule juu uliwaambia kobe hewa inaelekea wapi, na ikibadilika walifunga kila kitu kabla mtu hajaihisi shavuni. Katika kila matone mia, tisini na nane yaliishia kwenye mti. Hesabu hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye bango la getini.

Siwatu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na yale mawili?"

"Yale mawili yanakwenda mahali patupu, mama."

Siwatu alilikunjua shuka akalitandaza juu ya meza ya kazi, kana kwamba anamtandikia mgonjwa.

Dawa ya ushirika ilichanganywa na rangi ambayo mchana haionekani, ila ukiimulika kwa taa ya zambarau inang'aa kijani. Ndivyo mafundi walivyohakiki kama majani yamepata dawa. Hidaya aliteremsha pazia la dirisha na kuwasha taa ile ili mama wa watu aridhike, arudi kwake, naye amalizie nozeli. Shuka liling'aa kuanzia pindo hadi pindo. Vilikuwa vitone vidogo sana, vingi kupita kuhesabika, na pale kamba ya kuanikia ilipokuwa imelibana pakabaki mstari mweusi uliokatiza katikati.

Kitu cha kwanza alichohisi Hidaya ni hasira, na hasira hiyo ilikuwa juu ya Siwatu. Alimuuliza, kwa sauti ambayo baadaye aliionea aibu, kama aliwahi kulitumia shuka hilo kufunikia matunda shambani. Siwatu akasema hapana. Hidaya akauliza kama aliwahi kulianika kwenye uzio wa ushirika. Siwatu akasema tena hapana, akalikunja shuka taratibu, akasema alikuja kuuliza tu, na sasa ameona.

*

Mchana huo Hidaya hakula. Alikaa na kishikwambi akisoma kumbukumbu za misimu mitatu, akitafuta kosa. Alitamani sana alipate. Kosa lina mahali pake: nozeli iliyolegea, jicho lenye ukungu, kipimo cha upepo kilichopinda. Kosa angelirekebisha kabla ya jioni kisha akaenda kumwomba yule mama radhi.

Hakukuwa na kosa. Kilichokuwapo kilikuwa kibaya zaidi, na kilikuwa kimeandikwa wazi tangu siku ya kwanza, kwenye ukurasa ambao yeye mwenyewe alikuwa ameutia saini.

Programu iliyowaongoza kobe iliitwa Msimamizi. Msimamizi alijua kwamba yale matone mawili hayazuiliki, kwa hiyo hakujaribu kuyazuia. Aliyachagulia pa kwenda. Kila kitu kilichozunguka bonde kilikuwa na uzito wake: shule mia, chanzo cha maji themanini, nyumba ya mkazi sitini, mzinga wa nyuki arobaini, barabara kumi. Mahali patupu palikuwa na sifuri. Kila asubuhi ya kunyunyizia, Msimamizi aliungoja upepo. Ukielekea magharibi kwenye shule, kobe walisimama. Ukielekea kusini kwenye nyumba za wanachama, walisimama. Ukigeuka kuelekea mashariki, kwenye kingo za msitu wa hifadhi, kobe wote sita walianza kazi kwa pamoja. Katika misimu mitatu walikuwa wamenyunyizia mara arobaini na nne. Mara arobaini na tatu upepo ulikuwa unaelekea mashariki.

Miaka mitano nyuma, Hidaya alikuwa amezunguka mpaka huo wote kwa miguu akiandika kilichopo. Upande wa mashariki alikuta vibanda viwili vya nailoni na moshi. Ofisa aliyefuatana naye alimwambia kwamba hao ni wapita njia, mwezi ujao hawatakuwapo. Hidaya akaandika: hakuna wakazi. Akaenda zake nyumbani, akalala usingizi mzuri.

Aliipigia simu kampuni iliyowauzia mitambo. Sauti ya kike yenye adabu, ambayo hakuweza kujua kama ni ya mtu au ya mashine, ilimsikiliza kisha ikasoma hali ya shamba lake. Mfumo ulikuwa unafanya kazi kama ulivyokusudiwa. Hidaya akasema hilo ndilo tatizo. Sauti ikauliza ni kifaa kipi chenye hitilafu. Akasema hakuna kifaa chenye hitilafu, kuna watu wanaomwagiwa dawa. Sauti ikaomba namba za ukazi za watu hao ili waingizwe kwenye ramani mara moja. Ikamhakikishia kwamba ni kazi ya dakika tano. Hidaya akasema hawana namba. Sauti ikamweleza kwa subira kwamba mtu asiye na namba ya ukazi mahali fulani hahesabiki kuwa anaishi mahali hapo.

"Dada, nimeliona shuka lao," Hidaya alisema.

"Shuka si kifaa kilichosajiliwa," sauti ikajibu, ikamuuliza kama kuna jambo lingine angependa kusaidiwa.

*

Kesho yake alikwenda mwenyewe. Alipita mistari sita ya mwisho ya matufaha, ambayo minne kati yake ilikuwa ya mdogo wake Hoza, akavuka uzio na mfereji, akapanda kidogo. Hakuchukua hata robo saa. Hilo lilimuuma kuliko yote, kwamba ni karibu hivyo.

Vile vibanda viwili vilikuwa vimekuwa nyumba kumi na saba. Kuta zilikuwa za fito na udongo, mapaa ya nailoni ya bluu, na mbele ya kila mlango kulikuwa na bustani ndogo ya mchicha. Watu hao walikuwa wametoka tambarare. Bonde lao lilipofanywa bwawa walipewa viwanja mahali pakavu ambapo hata mtama ulikataa, ndipo wakaanza kupanda mlimani, familia moja baada ya nyingine, kufuata kazi ya matunda. Siwatu alimkaribisha kigodani, akamletea maji. Hidaya aliyatazama yale maji kabla ya kuyanywa, na Siwatu akamwona akiyatazama.

Hidaya aliyaeleza yote bila kuficha, pamoja na saini yake. Kisha akaeleza dawa ya jambo lenyewe: kama kila nyumba itaandikishwa, itapewa uzito wa sitini, na kobe hawatanyunyizia tena upepo ukielekea huku. Yeye atawasaidia kujaza fomu. Angewaletea mwandikishaji kesho.

Siwatu aliuliza daftari hilo la wakazi husomwa na nani.

Hidaya alifahamu swali linaelekea wapi, akajibu kwa shida. Daftari lilikuwa moja kwa ofisi zote. Jina likiingia asubuhi, mchana huohuo ofisi ya misitu ingeona kwamba kuna watu wanaishi ndani ya hifadhi.

"Basi usituandike," Siwatu alisema.

"Mama, hii dawa si ya kuchezea. Mtoto akiivuta miaka na miaka—"

"Nimekusikia. Mara ya kwanza tulipohamishwa, mume wangu alikufa ndani ya lori. Walikuwa na jina lake kwenye karatasi, limeandikwa vizuri kabisa." Alilichukua kopo la maji kutoka mkononi mwa Hidaya na kuliweka chini. "Wewe ndiye fundi. Mashine ni yako. Iambie iache, bila kututaja sisi."

*

Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Rajabu Kaniki, hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimchosha Hidaya zaidi, kwa sababu kama angekuwa mtu mbaya, Hidaya angeweza kumpinga kwa moyo mweupe. Kaniki mwenyewe alikuwa ameharibiwa pafu moja na bomba la mgongoni. Ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba miaka ile akiwashawishi watu wanunue kobe, ili mtu mwingine yeyote asikohoe kama yeye.

Alimsikiliza Hidaya mpaka mwisho, akatazama nje. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa. Maua yalikuwa yameanza kupukutika na vitufaha vilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi, wakati ambao ugonjwa wa makovu, unaoletwa na unyevu, huingia ndani ya tunda na kulipasua. Siku sita za unyevu bila dawa zingetosha. Kaya mia mbili na kumi na moja zilitegemea miti hiyo, alisema, na hata hao wa msituni walikuja hapa kwa sababu ya miti hiyo. Ikifa, watachuma nini?

Hidaya aliomba kunyunyizia kusimamishwe kwa wiki mbili tu. Mwenyekiti alikataa. Akapendekeza wapelekewe barakoa, na wapigiwe filimbi siku za dawa ili wajifungie ndani. Hidaya akasema nyumba zenyewe ni za fito, hewa inapita kama kwenye chekeche. Mwenyekiti akasema basi waandikishwe. Hidaya akasema wakiandikishwa watafukuzwa.

"Sasa unataka nini, binti Shemhilu?" Kaniki alimuuliza, na kweli alikuwa anauliza. "Kila mlango ninaokufungulia unaufunga."

Hidaya alitoka ofisini amekunja uso hivi kwamba watu waliokuwa wakimsalimu njiani walikatiza salamu.

*

Jibu alilipata kwenye orodha ya uzito, alipoisoma kwa mara ya kumi. Nyumba ya mkazi ilihitaji namba ya mkazi. Mzinga wa nyuki ulihitaji namba ya mwenye mzinga tu, na mwenye mzinga aliruhusiwa kuutundika popote, hata ndani ya hifadhi, kwa kuwa nyuki hawaharibu msitu.

Nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake kulikuwa na mizinga minne mikuukuu. Aliifuta vumbi, akaipeleka mashariki kwa toroli, akaitundika kati ya zile nyumba kumi na saba. Siwatu aliuliza nyuki wanaandikwa wapi. Hidaya akamjibu kwamba wanaandikwa idara ya kilimo, si misitu. Siwatu akazunguka mzinga mmoja, akauchungulia, akauliza nyuki wenyewe wako wapi. Hidaya akasema mashine haiulizi.

Kuandikisha mizinga minne kulimchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Jina la mwenye mali: Hidaya Shemhilu. Ramani ilijichora upya palepale, na upande wa mashariki, uliokuwa mweupe kwa miaka mitano, ukaota miduara minne ya njano. Aliikodolea macho miduara hiyo. Nyuki ambao hawakuwapo walikuwa wamepata kinga ambayo watu waliokuwapo walinyimwa.

Asubuhi iliyofuata upepo ulielekea mashariki, na kobe hawakutoka. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Magharibi kulikuwa na shule, kusini nyumba, kaskazini chanzo cha maji, na sasa mashariki kulikuwa na nyuki. Kobe sita walisimama kwenye banda lao, taa zao zikiwaka kijani kuonyesha kwamba ni wazima kabisa, huku mvua ya manyunyu ikinyesha juu ya miti. Wanachama walikuja karakana kumuuliza kuna nini. Aliwaambia upepo haujakaa vizuri. Haukuwa uongo, lakini kila alipoyatamka maneno hayo aliona aibu kama mwizi.

Siku ya saba Hoza alimletea jani. Alilibandika kwenye kioo cha dirisha ili lipate mwanga. Lilikuwa na madoa ya rangi ya zeituni, yenye manyoya kingoni.

"Ni mstari wangu wa nje," alisema. "Na wa pili umeanza. Dada, hizo mashine zinangoja nini?"

Hoza alikuwa ameacha kazi ya udereva Tanga ili kuitunza miti hiyo aliyoachiwa na baba yao. Mkewe alikuwa mjamzito. Hidaya alilitazama lile jani, akamwambia ukweli wote, kwa sababu hakuweza kumwambia mdogo wake habari za upepo. Hoza alilibandua jani kutoka kiooni na kuondoka. Siku mbili hakupokea simu yake.

*

Siku ya tisa Mzee Kaniki alifika karakana akiwa na barua. Ofisa nyuki wa wilaya alikuwa anakuja Alhamisi kuhakiki mizinga mipya minne iliyoandikishwa kando ya shamba, kama sheria inavyotaka, na aliomba mwenye mizinga amwongoze hadi ilipotundikwa.

Hidaya aliisoma barua mara mbili. Hakuwa amejua kuwa kuna uhakiki. Aliona sasa alichokuwa amekifanya: kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemwita ofisa wa serikali atembee hadi katikati ya zile nyumba kumi na saba.

"Mizinga ina nyuki?" Mwenyekiti aliuliza.

"Haina."

Kaniki aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alisema angeweza kumshitaki, na kwamba wanachama wakijua wataitaka damu yake. Badala yake alimpa hadi kesho asubuhi aishushe mizinga na kuifuta kwenye orodha, ili ofisa asiwe na cha kuja kuhakiki, na kesho hiyohiyo jioni asimame mbele ya mkutano aseme mwenyewe kwa nini shamba linaoza.

Siwatu alimsaidia kuishusha. Walifanya kazi bila kuongea mpaka mzinga wa nne.

"Ulisema nyuki hawasomwi na watu wa msitu," Siwatu alisema.

"Sikujua, mama. Nisamehe."

"Najua hukujua. Hata mara ile ya kwanza hukujua." Aliushika mzinga upande mmoja ili Hidaya aushike upande wa pili. "Ninachoka na watu wema wasiojua."

Hidaya alisukuma toroli kuteremka mlima, maneno hayo yakimpiga mgongoni kila gurudumu liliporuka jiwe.

*

Mkutano ulifanyika kwenye banda la kupakia matunda. Hidaya alisimama akasema yote, kuanzia saini yake hadi mizinga mitupu. Hakujitetea. Baadhi ya watu walikuwa hawajui kama kuna watu wanaishi kule. Wengi walikuwa wanajua, ila hawakuwahi kulifikiria jambo hilo wakati mmoja na dawa. Mzee mmoja akasema wale ni wavamizi. Mwanamke mmoja akasema mvamizi naye ana mapafu. Pakawa na kelele kidogo.

Hidaya akaeleza njia iliyobaki. Mistari sita ya mwisho upande wa mashariki isipigwe dawa kabisa. Kobe wakiishia mstari wa saba, majani ya mistari hiyo sita yatayanasa matone yanayotoroka kabla hayajafika kule. Hayatakwisha yote, lakini yatapungua sana. Miti hiyo itaugua na mazao yake ya mwaka huu hayatauzika, na huenda hata ya mwaka ujao. Aliwaomba wanachama wote wagawane hasara hiyo, kwa kuwa matone ni ya wote.

Hoza alikuwa amesimama karibu na mlango. Aliuliza miti hiyo ni mingapi. Hidaya akasema mia mbili ishirini na miwili, na ya kwake Hoza ni mia na arobaini na minane. Hoza alilizungusha jicho bandani, akiwangoja. Hakuna aliyesema atachangia hata mti mmoja. Akafungua mlango akatoka.

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Waliotaka mistari sita iachwe walikuwa kumi na wanane. Mwenyekiti hakuinua mkono upande wowote. Alitangaza matokeo kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba kuanzia mwisho wa mwezi fundi mwingine atapokea kazi ya Hidaya, na kwamba kesho, upepo ukiruhusu, kobe watatoka.

Asubuhi upepo uliruhusu. Ramani ilikuwa imerudi kuwa nyeupe upande wa mashariki. Hidaya alisimama getini, kishikwambi mkononi, na kidole kikakataa kubonyeza. Aliwaza kukitupa kishikwambi mferejini. Lakini kampuni ingewaongoza kobe kutoka mbali kabla ya adhuhuri, na yeye angekuwa amepata sifa ya ushujaa huku Siwatu akipata dawa ileile.

Ndipo alipoona kwenye picha ya kobe wa kwanza, aliyekuwa ameshawekwa tayari mwanzoni mwa mistari ya mashariki, kitu chekundu. Akaikuza picha. Ulikuwa utepe wa nailoni, umefungwa kwenye shina la mti. Mti uliofuata ulikuwa nao, na uliofuata pia. Mwenye shamba alikuwa na haki moja ambayo hata ushirika haukuweza kuipigia kura: mti wake akiufunga utepe mwekundu, kobe atauruka. Haki hiyo iliwekwa kwa ajili ya wanaotaka kula tunda lisilo na dawa nyumbani kwao, na kwa kawaida mtu alifunga mti mmoja au miwili.

Alikimbia. Hoza alikuwa kwenye mstari wa nne, magoti yamelowa umande, bunda la utepe limening'inia shingoni. Alikuwa ameanza tangu kulipopambazuka na alikuwa amebakiza miti kama thelathini.

"Hoza," Hidaya alisema.

"Usinishukuru," mdogo wake alijibu bila kugeuka. "Nimekasirika sana, dada. Nimekukasirikia wewe, na wao, na hawa waliokaa jana wakitazama vidole vyao. Nipe mkasi."

Aliuokota mkasi nyasini akampa. Mistari miwili iliyobaki ilikuwa ya watu wengine, na Hidaya alikwenda kugonga kwao wote wawili asubuhi ileile. Wa kwanza alimsikiliza akiwa nusu mlangoni, akasema atafikiria. Wa pili hakufungua.

*

Kobe walinyunyizia siku hiyo na siku nyingine saba katika msimu. Hidaya alitundika kadi za kunasia matone mbele ya nyumba ya Siwatu kila mara, hata baada ya kazi yake kuchukuliwa na fundi kutoka Tanga. Matone yalipungua, kutoka themanini kwa kila kadi, kwa makadirio yake ya misimu iliyopita, hadi ishirini na kitu. Hayakuisha. Mjukuu wa Siwatu aliamka siku nyingine macho meupe na siku nyingine mekundu. Hidaya aliandika barua tatu kwa kampuni akiomba mahali patupu papewe uzito hata wa namba moja. Alijibiwa mara tatu kwa maneno yaleyale.

Miti ya Hoza iliugua kama ilivyotarajiwa. Matufaha yalipasuka yakiwa bado mabichi na kudondoka, nayo yalipaswa kuokotwa yote na kufukiwa, la sivyo ugonjwa ungelala ardhini ukangoja mvua zijazo. Hoza hakuwa na wa kumsaidia isipokuwa dada yake, ambaye sasa hakuwa na kazi. Siku ya pili Siwatu alivuka uzio na wanawake watano, kila mmoja na ndoo yake. Hawakuwa wameitwa.

Waliokota tangu asubuhi hadi jua lilipofika kichwani. Waliposimama kunywa maji, Hoza, ambaye hakuwahi kumsemesha Siwatu zaidi ya salamu, alimuuliza kule juu wako watu wangapi.

Wanawake wengine waliacha kunywa. Siwatu alimtazama mikono, ambayo haikuwa na karatasi wala kishikwambi, ila matope tu.

"Sitini na watatu," alisema.

Hoza alipiga hesabu ya miti yake mia na arobaini na minane akitembeza macho kwenye mistari minne, midomo ikimchezacheza.

"Miti miwili na kitu kwa kila mtu," alisema. "Hata mitatu haifiki." Akaichukua ndoo yake akarudi kuinama.